Kinanda Alichowekewa Bibi

Juzi nilishuka Kirumba, mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki, kununua dagaa, nikakuta kijana amechuchumaa mbele ya mzani mdogo kama wa sonara. Anapima mabondo. Kama hukukulia ziwani nikwambie: bondo ni lile puto la ndani ya tumbo la sangara, linalomfanya aelee. Siku hizi linapelekwa ng'ambo, ghali kuliko samaki mwenyewe, na yule kijana alikuwa analigusa kwa ncha za vidole kama kitoto kichanga. Nikacheka peke yangu. Wanawake wa dagaa wakageuka.

"Mama, vipi, umeokota?" mmoja akaniuliza.

Nikamwambia sijaokota, nimepoteza. Nikajitwika ndoo yangu, na njia nzima harufu ikanifuata: mabondo yanachemka kwenye sufuria nyeusi, uani kwa bibi, Ilemela, baba anakoroga kwa mti huku anafukuza kuku. Sisi mabondo tuliyachemsha kupata gundi. Gundi ya kinanda.

Usinione mwongo. Kinanda kile kikubwa cha kizungu, piano, cha kulala, chenye miguu mitatu na mfuniko kama mlango wa ghala. Kilikuwa sebuleni kwa bibi mzaa baba, katika nyumba iliyobanwa na mawe mawili makubwa, ambako hata kitanda kiliingia kwa kuinamishwa. Sebule ilikuwa ya kinanda, sisi tulikuwa wapangaji. Chini yake walilala kuku. Juu yake tuliweka magunia ya mahindi, ndoo ya unga na nguo zilizopigwa pasi. Ukitaka kupita kwenda chumbani unageuka ubavu na kuvuta tumbo ndani.

Kilifikaje? Bibi alikuwa mpishi kwa wazungu wa pamba. Bwana alikuwa na kinu cha kuchambulia pamba kando ya ziwa, na mkewe ndiye aliyekuwa anapiga hicho kinanda jioni, bibi akiwa jikoni anageuza samaki. Serikali ilipochukua vinu, wale watu wakafunga mizigo. Siku ya kuondoka yule mama alimshika bibi mikono yote miwili akamwambia, nitunzie, nitarudi kukichukua. Bibi akawaita vijana wa ngoma wa mtaani, wakakibeba mpaka mlimani wakiimba, wakipumzika kila penye jiwe bapa. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka najiona nilikuwepo, nimebeba mguu mmoja.

Sasa hapa uelewe jambo, maana bila hili hutaelewa mengine. Kwetu Usukumani mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawagawa. Mmoja anampeleka kwa jamaa yake huku, mwingine kwa rafiki yake kule, watunzwe. Aliyewekewa anakunywa maziwa, samadi anapeleka shambani, na siku ya kurudisha, kama ametunza vizuri, anapewa mtamba, ng'ombe jike mchanga, awe wake. Ila ng'ombe si wake. Hauzi, hachinji. Hata akifa, ngozi inatunzwa ionyeshwe kwa mwenyewe. Na mwenyewe asipoweza kuja, akituma mtu, yule mtu lazima aje na alama: neno ambalo wao wawili tu wanalijua. Ukisema alama, unafunguliwa zizi. Hakuna karatasi.

Bibi alikichukulia kinanda hivyo hivyo. Alikiita ng'ombe wa miguu mitatu. Jirani yetu, mama muuza mkaa, alikuwa hamwachi kila akija kuomba moto:

"We bibi, huyo ng'ombe wako mbona hazai? Mchinje tupate kuni."

"Mwache. Wako ana miguu minne na hana hata maziwa."

Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Lakini gari likipanda mlimani, bibi anaacha anachofanya, anatoka mpaka ukingoni mwa jiwe, anaweka mkono juu ya macho. Anatazama kama ni yule mama.

Basi ikaja ile miaka ya soko huria. Kila kitu ruksa. Mitumba ikajaa mpaka njiani, viwanda vya samaki vikaota ufukweni kama uyoga. Minofu ikapanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa, mgongo na miiba. Mama aliyakaanga kwenye mafuta yaleyale tangu Jumatatu, na nikiri, yalikuwa matamu. Tulifyonza macho ya sangara kama pipi. Mimi shule niliishia darasa la sita, ndiyo maana naandika kama ninavyosema. Na baba, aliyekuwa seremala kwenye karakana ya meli, akapunguzwa kazini. Alirudi mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida, amebeba sanduku la randa na patasi zake, akakaa juu ya jiwe mbele ya nyumba. Alikaa hapo siku nyingi. Mama alimzunguka akifagia kama anavyofagia kuzunguka mti.

Bibi ndiye aliyemwinua. Asubuhi moja alimwambia, "Mwanangu, ng'ombe wa watu amekonda na wewe ni fundi. Mwenyewe akija leo tutamwambia nini?"

Baba akaingia sebuleni, akashusha magunia, akafunua mfuniko. Kuku akaruka kutoka ndani. Alikuwa ametagia kwenye nyaya.

Huo ukawa mwanzo. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa. Akachonga mwingine wa mninga. Yale meno meupe yalikuwa ya pembe ya ndovu na mengi yalikuwa yameng'oka, basi bibi akanituma machinjioni kuomba mifupa ya miundi ya ng'ombe. Tuliichemsha, tukaianika juu ya jiwe, baba akaipasua kwa msumeno mwembamba na mimi nikaisugua kwa msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Ndani kuna nyundo ndogondogo zinazogonga nyaya, na zilivaa kitambaa kinene kilicholiwa na nondo. Baba akapata koti la baridi kwenye belo la mitumba, zito, la sufu, ambalo hakuna mtu wa Mwanza angelivaa labda awe na homa. Tulilikatakata, tukazivika zile nyundo moja moja kama watoto wanaokwenda kubatizwa. Na gundi ndiyo hiyo niliyokwambia. Mabondo wakati ule yalitupwa, watoto tuliyaokota mwaloni kwenye makopo. Yakichemka yananuka mpaka mbuzi wanahama.

"Mnapika nini humo, mchuzi wa wachawi?" mama muuza mkaa anauliza ameziba pua kwa khanga.

"Karibu, tunakusubiri wewe uonje chumvi," bibi anamjibu.

Mimi ndiye nilikuwa mkono wa baba, maana wangu uliingia kwenye mianya ambayo wake haukuingia. Bibi aliniita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyotania wajukuu wa kike. "Mke mwenzangu, lete kuni. Mke mwenzangu, mumeo marehemu angekuona na huo msasa angeniacha mimi." Nasema kweli, sijawahi kufurahi tena kama miezi ile.

Baba aliweza mbao. Sauti hakuiweza. Hapo ndipo akaja mwalimu wa kwaya wa kanisa letu.

Namtaja kwa cheo chake, na wanaomjua wanamjua. Alikuwa kijana mtanashati, suruali yenye mstari, mkono mwepesi kwenye kinanda na mdomo mwepesi zaidi. Alikuja kila Jumamosi. Baba alimtengenezea spana ya kukazia nyaya, na yeye anakaza, anagonga, anatega sikio, anakaza tena. Sisi tunasimama tumebana pumzi. Akimaliza bibi anamwandalia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa na karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikula kama mtoto wa nyumba, na bibi alimwita mwanangu. Mimi alinifundisha wimbo mmoja wa mavuno, mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Akaniambia, "Binti, Krismasi utapiga kanisani." Nililala na hilo neno kama wengine wanavyolala na mdoli.

Na alikuwa msikilizaji mzuri, ndugu yangu. Angeuliza, bibi angesimulia. Jumamosi moja akamuuliza ilikuwaje mpaka yule mama mzungu akamwamini hivyo. Bibi akacheka akafuta macho. Akasema siku yake ya kwanza jikoni alitia chumvi mara mbili kwa woga, mchuzi ukawa kama maji ya bahari wanayoyasema, na yule mama badala ya kugomba akala wote, akanywa maji jagi zima, na tangu siku hiyo akawa anamwita Mama Chumvi. "Mpaka anaondoka aliniita hivyo. Hata mume wake hakujua kwa nini."

Mwalimu akacheka naye. Nilikuwepo, nimekaa chini ya kinanda nafuta mguu mpya kwa mafuta. Nilimwona anavyocheka, na sikuona kitu.

Siku kilipolia chote, kutoka upande wa sauti nzito mpaka ule wa ndege, watu walipanda mlimani bila kuitwa. Walikaa juu ya mawe kama pimbi. Mwalimu alipiga nyimbo za kanisani, kisha akapiga za ngoma kwa kubahatisha na vijana wakaanza kurusha miguu, vumbi likaingia ndani. Kilikuwa na kasoro, nyaya chache zilitoka kwenye breki za baiskeli na zililia kama paka aliyekanyagwa. Hakuna aliyejali. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma, hacheki wala halii. Mama muuza mkaa alisema, "Kumbe anazaa!" Bibi hakucheza. Alitoka mpaka ukingoni mwa jiwe akatazama barabara. Akaniambia, "Sasa aje tu."

Hilo ndilo alilokuwa analitaka. Si pesa, si sifa. Yule mama aje, akute ng'ombe wake amenona, na yeye bibi awe ametoka kwenye neno lake akiwa mtu.

Haikupita muda, kile kinu cha pamba kikauzwa. Mwekezaji akaja, mgeni, mwenye shingo nyekundu na gari jeupe. Watu walisema anatafuta vitu vya kizamani vya nyumba yake mpya ya ufukweni: viti vya wakoloni, saa za ukutani, taa. Nani alimwambia kuhusu mlimani kwetu, sikuhitaji kuambiwa, maana gari lilipopanda, aliyeshuka wa kwanza kufungua mlango alikuwa mwalimu wa kwaya.

Bibi alitoka mbio kuliko umri wake.

"Mama," mwalimu akamwambia, hata jasho hana, "huyu mgeni ametoka kwa mwenyewe. Mwenyewe amemtuma achukue kinanda chake."

Baba akauliza, "Mbona hakuandika barua?"

Bibi akamkata. "Ng'ombe hadaiwi kwa barua. Huyu mtu kama katumwa, atakuwa na neno." Akamgeukia mgeni, akamtazama usoni, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Ametuma neno gani kwangu?"

Mwalimu akamsemesha mgeni kwa Kiingereza. Mgeni akainua mabega, akasema kitu kifupi, akaangalia saa. Mwalimu akageuka kwetu na uso wa ibada.

"Anasema, mwenyewe anamsalimu Mama Chumvi."

We acha tu. Bibi aliweka mikono kichwani. Akapiga kigelegele kimoja, kikakatikia kwenye kilio. "Yu hai! Ananikumbuka!" Akakaa chini, akainuka, akaingia ndani, akatoka, hajui aanze na lipi. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Nilijua nimelisikia wapi lile neno. Nikamtazama mwalimu, naye akanitazama, akanikonyeza kama tunavyokonyezana tukikosea noti. Mtoto wa kwetu hamwambii mtu mzima kuwa ni mwongo mbele ya wageni. Nikanyamaza. Simhesabii mtoto yule kosa, nalihesabu lilipo.

Bibi alikiaga kinanda kama anavyoagwa ng'ombe anayerudi kwa mwenyewe. Alikipaka mafuta mwili mzima. Alifunga utepe wa khanga kwenye mguu wa mninga. Aliwalisha wapagazi waliokuja na lori la mgeni ugali na kuku wawili, kuku walewale waliokuwa wanalala chini yake. Akajaza kibuyu cha samli apelekewe yule mama, akamwambia mgeni huku anacheka na machozi, "Na mtamba wangu je?" Mwalimu hakutafsiri, akasema yeye mwenyewe, "Utaletewa, mama." Mgeni akavua kofia yake yenye maandishi akampa. Bibi akaivaa palepale.

Baba alivua miguu ya kinanda kwa mikono yake, akaifunga gunia moja moja. Aliniambia nishike tochi aone skrubu zile za ndani, na nilimsikia anapumua kwa nguvu kama mtu anayenyanyua jiwe. Gari lilipoteremka, sebule ikawa kubwa na ya ajabu. Sauti zetu zilirudi kutoka ukutani. Usiku ule bibi ndiye pekee aliyeimba.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani wote, bibi na kofia yake. Mbele, kwenye nafasi ya kwaya, kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Baada ya mahubiri mzee wa kanisa akasimama, akasema Mungu ametenda. Akasema mfadhili wetu, mwekezaji wa kinu, amelipatia kanisa kinanda cha umeme na spika mbili, na kwamba tumshukuru mwalimu wetu wa kwaya, aliyemsaidia mfadhili kupata kinanda kikuukuu kilichokuwa kimekaa bure mlimani kikitagiwa na kuku. Kanisa likalipuka makofi. Bibi naye alipiga makofi. Alipiga, akapiga, kisha nikaona mikono yake inapungua kasi, ikabaki imesimama hewani, imetengana, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa samaki.

Baada ya ibada alimkuta mwalimu uani, watu wamemzunguka wanampongeza. Wakampisha.

"Mwanangu. Yule mama ni mzima?"

"Mama, mimi sijui."

"Alikutuma?"

Mwalimu akaangalia viatu vyake, vilikuwa vipya. "Mama, ni kwa maendeleo ya kanisa. Kile kitu kingeoza kule. Na yule mama hatarudi, hawa watu hawarudi."

"Akija?"

"Hatakuja, mama."

"Nakuuliza akija nitamwambia nini. Nitamwonyesha ngozi ipi?"

Mwanamke mmoja wa kwaya akasema, "Bibi jamani, si basi, mshukuru Mungu." Na mwingine akacheka kidogo, si kwa ubaya, lakini nimekihifadhi kile kicheko mpaka leo. Baba alimsogelea mwalimu, nikadhani atampiga. Hakumpiga. Alimwambia, "Mwalimu, ulikula kwangu," akamshika bibi mkono tukaondoka. Mzee wa kanisa tuliyemlalamikia alisema mambo yameshapita, tusilete mgawanyiko. Mwenyekiti wa mtaa akasema kinanda hakikuwa chetu, tunadai nini? Na hapo alitushika, maana ndiyo, hakikuwa chetu. Bibi alikuwa ameshalisema hilo kwa kila mtu miaka yote. Ukweli wake ndio waliotufungia nao mdomo.

Baba hakushika tena kazi ya mikono midogo. Alitengeneza majeneza na vitanda, vitu vya kupigilia misumari. Mimi Krismasi ile nilisikia kinanda cha umeme kutoka nje ya kanisa, kikipiga ngoma chenyewe bila mtu. Kuhusu yule mama mzungu, mwalimu alisema kweli: hakuja. Hakutuma mtu, hakutuma neno. Labda alikufa zamani, labda alisahau kabla meli haijang'oa nanga. Hata hilo linaniuma, kwamba mwongo ndiye aliyejua dunia ilivyo na bibi ndiye aliyekuwa hajui. Lakini bibi hakuweza kumlilia, maana hakuwa na habari ya msiba, na hakuweza kumngoja tena. Zamani gari likipanda alikuwa anatoka nje kutazama. Tangu siku ile, gari likipanda, aliingia ndani na kufunga mlango. Hivyo mpaka tulipomzika.

Siku hizi hakuna anayemwekea mwenzake ng'ombe. Muulize mtu yeyote kuanzia Kisesa mpaka Ilemela, atakuambia mifugo imepungua, malisho yamekwisha, watu wamejenga. Sawa. Lakini mimi nasema hata malisho yangekuwepo, ungempa nani neno lako akae nalo? Lile neno, Mama Chumvi, lilikaa kwa bibi miaka yote hiyo bila kuharibika. Lilipopewa sikio moja tu zaidi, likauzwa.

Mwalimu wa kwaya bado yupo. Amekuwa mzee sasa, mvi zimemkaa vizuri, ana mkongojo na kiti chake mbele ya duka la mwanawe njia ya sokoni. Kila anayepita anamwamkia, wazee wenzake, watoto wa shule, hata bodaboda wanapunguza mwendo. Shikamoo mwalimu. Marahaba, mwanangu. Watu wa kanisani wananiambia nisamehe, nami nasali, simtakii kifo. Lakini napita pale kila siku na ndoo yangu ya dagaa. Akiniona ananyoosha shingo kidogo, anaweka mdomo tayari kwa marahaba. Namtazama machoni mpaka yeye ndiye anayeshusha. Kisha napita, sijampa.